Kitufe cha Kusafisha Uso

Nyie vijana mnaamini sana vitufe. Namwona mtu anampiga mama yake picha kwa simu, hata kuitazama hajaitazama, keshabonyeza kitu, mama amekuwa mweupe, mikunjo imeondoka, na kijana anafurahi. Mimi najiuliza tu: mama yake mwenyewe amekwenda wapi? Na aliyeweka kitufe hicho kwenye simu alitaka nini kwetu?

Juzi kwenye harusi mlinizunguka mkaniuliza, "Bibi, programu gani ya kutengenezea picha ni nyepesi, ya kazi za kila siku?" Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, sikuwajibu vizuri. Leo nawajibu. Jina siwapi, maana majina yanabadilika kila msimu. Nitawaeleza namna ninavyoishuku programu kabla sijaikaribisha ndani. Nimepiga picha hapa Bariadi tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa, na katika kazi hiyo hakuna kifaa kilichonisaidia kuliko kushuku.

Kushuku nilifundishwa na Mzee Athumani. Alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na nyuma ya duka palikuwa na studio yenye chumba cha giza. Baba yake alitoka Tabora, mama yake sijui wapi, yeye mwenyewe alikuwa akisema ametoka dukani. Alinichukua nimsaidie kuosha picha, akaniachia kazi yote alipozeeka. Kila aliyeingia pale alishukiwa kwanza, akapewa kiti baadaye. Ukimletea dawa ya kusafishia filamu, anaifungua, anainusa, anaidondoshea kipande cha filamu mbovu, anasubiri. Muuzaji akinuna, Mzee anamwambia, "Ndugu yangu, mimi nakuamini wewe. Chupa ndiyo siijui."

Enzi zile hapakuwa na kompyuta, lakini msifikiri picha hazikutengenezwa. Mzee alikuwa na penseli aliyoichonga kwa msasa mpaka ncha ikawa nyembamba kabisa. Anaweka negativu kwenye kioo chenye taa chini yake, anagusa pale penye chunusi, na kwenye picha chunusi haionekani. Siku moja nilimkuta anaitazama negativu ya mzee mmoja mwenye kovu shavuni, nikamwambia mbona haliondoi. Akaniambia, "Mwanangu, chunusi ni mgeni, mfukuze. Kovu ni mwenyeji. Hilo usiliguse mpaka mwenye uso akwambie kwa mdomo wake."

Basi ikaja ruksa ya biashara. Ninyi mmekuta maduka yamejaa, hamwezi kuelewa. Sisi tulikuwa tunatafuta filamu kwa kujuana, na mara moja tu, ghafla, kila kitu kikawa sokoni. Betri, saa, nguo za mitumba, redio, filamu za rangi zimemwagwa juu ya turubai pamoja na sabuni. Watu walifurahi na mimi nilifurahi, lakini kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye tarehe za maboksi. Wajanja walikuwa wanazifuta. Nilinunua filamu za namna hiyo nikaenda nazo Lamadi kwenye harusi ya familia ya wauza samaki, watu wenye furaha na mpunga mwingi. Picha ziliporudi, bibi harusi alikuwa wa kijani. Bwana harusi alizitazama moja moja, akaniuliza kwa upole kama mke wake nilimpigia nje ya maji au ndani ya maji. Nilicheka naye, lakini muuzaji wa zile filamu nilimtafuta soko zima na sikumpata tena.

Siku hizohizo wakaingia wanunuzi binafsi wa pamba. Mkulima alijifunza kuitazama mizani kabla ya kumtazama mnunuzi, na kuitikia salamu huku anachungulia mshale. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Msinicheke basi nikiwaambia kwamba programu ya picha naichungulia vilevile.

Halafu kulikuwa na Mzee Masunga wa Mwandoya na ng'ombe wake. Alinipeleka huko nikalipige picha dume lake jekundu, na yeye akasimama pembeni amevaa koti. Filamu tukaituma Mwanza, ambako mashine mpya ilikuwa inasafisha picha za rangi na kuzipanga rangi yenyewe, bila kuuliza mtu. Dume likarudi kijivu. Mzee Masunga alikuja studio, akaishika ile picha mbali na uso wake.

"Mama Nkwimba, huyu ng'ombe wa nani?"

"Wako, mzee."

"Wangu ni mwekundu. Mimi nimesimama na ng'ombe wa watu hapa, nimeshika kamba. Hii nikiiweka ukutani, wageni watasema nimeiba."

Hakuichukua. Na mimi nikaandika kichwani kwamba mashine inayorekebisha bila kuuliza inaweza kukugombanisha na jirani zako.

Sasa nifike kwenye kompyuta, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Ilikuja wakati bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Wenzangu wa Mwanza walikuwa wameshaanza kuchapa picha dukani kwao wenyewe, na wateja wangu walikuwa wanapanda basi kwenda huko. Nilinunua kompyuta ya mtumba, skana na printa. Kwenye boksi la skana mlikuwa na sidii ndogo ya programu ya kutengenezea picha, ya bure. Niliitupa kwenye droo. Nani anakupa kitu bure? Wahenga walisema rahisi ghali, na bure je? Nilidhani lazima ina virusi, au itanifanyia kazi mwezi mmoja kisha idai chake.

Akatokea Deusi. Kijana wa Mwanza, fundi wa kompyuta, shati limenyooka, mkoba mweusi umejaa sidii alizoziandika kwa kalamu ya wino mzito. Alikuwa anazunguka Magu, Lamadi mpaka kwetu, akiwauzia wenye studio programu kubwa ya picha. Mimi nilikuwa namsikiliza huku nakumbuka usemi wetu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Mama, hii ndiyo wanayotumia Ulaya," aliniambia. "Ina kila kitu."

"Kila kitu cha nini?"

"Kila kitu tu, mama. Unaweza kumtoa mtu hapa ukampeleka Paris."

"Mteja wangu anataka picha ya pasipoti apeleke halmashauri. Paris ataenda kufanya nini?"

Alicheka. Deusi hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa anaipenda sana ile programu yake, na mtu anayependa sana haoni vizuri. Aliiweka kwenye kompyuta yangu nijaribu. Ilichukua muda kufunguka kiasi kwamba ungeweza kuchemsha chai. Vitufe vilijaa pande zote, mashine ikaanza kuunguruma. Nilimwuliza kila kimoja kinafanya nini. Vingi hakuvijua mwenyewe. Hapo nikamshuku zaidi.

Asubuhi ileile, Deusi bado yupo, akaingia mama mmoja amebeba kitu kilichofungwa kwenye khanga.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Alikuwa ametoka Nkoma. Alijitambulisha kuwa Mama Kulwa, nikajua ni mama wa mapacha, maana kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Akafungua khanga. Ndani mlikuwa na fremu, na ndani ya fremu picha ya msichana amevaa sare ya shule, kaukunja uso kwa sababu ya jua. Mvua ilikuwa imeingia. Michirizi ya maji ilishuka kutoka juu, ikapita usoni na begani, na karatasi ilikuwa imeng'ang'ania kioo.

"Huyu ni Doto," alisema. "Alitutoka mwaka jana, kwa homa. Jumamosi tunajengea kaburi, ndugu wote wanakuja. Nataka picha kubwa ya kuweka pale wamwone. Picha yake ni hii tu, hana nyingine."

Nilimpa pole. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia sana. Aliuliza kama itaweza kutoka siku hiyohiyo, nikamwambia arudi alasiri. Akasema anakwenda sokoni kumfuata binti yake, Kulwa, aliyekuja naye.

Alipotoka tu, Deusi akaishika fremu akaanza kukunjua misumari ya nyuma. "Tuitoe kwenye kioo, mama, skana isome vizuri."

"Weka chini."

"Lakini mama..."

"Weka chini, nyanda!" nilimfokea kijana wa watu. Niliona wino umeshikana na kioo. Kamata hili, nyie mnaoletewa picha za babu zenu: picha iliyoganda kwenye kioo usiibandue. Ukiibandua, karatasi inakuja mkononi na uso unabaki kwenye kioo. Futa kioo kwa kitambaa kikavu, uilaze kwenye skana na kioo chake, ufunike na kitambaa cheusi mwanga usiingie pembeni. Itatoka na ukungu kidogo. Ukungu haujamuua mtu.

Tukafanya hivyo. Picha ikaja kwenye kompyuta, na Deusi akaifungua kwenye programu yake kubwa.

"Sasa tazama, mama. Kitufe cha kusafisha uso."

Akabonyeza. Michirizi ya maji ikatoweka. Ngozi ikatulia, macho yakang'aa, hata ule mkunjo wa jua ukalainika. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri picha zao wakasogea wakasema, "Lo!" Deusi akahifadhi, akachapa kubwa, akafunga programu. Kweli ilikuwa picha nzuri. Lakini mimi sikupata raha. Nilizunguka pale mezani, nikaiweka dirishani, nikairudisha. Nilihisi kuna kitu kimeibwa ndani ya ule uso na sikujua ni nini, kwa kuwa huyo binti sikuwahi kumwona akiwa hai.

Alasiri Mama Kulwa akarudi. Alikuwa mbele, binti yake nyuma ameshika kikapu. Deusi mwenyewe ndiye aliyemkabidhi picha, kwa mikono miwili.

Mama aliitazama. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akageuka akamtazama binti yake, akairudia picha.

"Huyu ni Kulwa," alisema.

Deusi akatabasamu. "Mama, si ni mapacha? Lazima wafanane."

"Nimewazaa mimi. Huyu ni Kulwa. Doto ana kovu hapa." Akagusa nyusi yake ya kushoto. "Alipigwa pembe na ndama akiwa mdogo, siku wanafunga ndama zizini. Tangu hapo ndivyo watu wote walivyowajua. Baba yao mwenyewe alikuwa anaangalia kovu kwanza ndipo anaita jina."

Ndipo nilipoelewa kilichoibwa. Mstari ule juu ya nyusi, mimi niliudhani mchirizi wa maji kama mingine. Kitufe nacho kilidhani hivyohivyo, ila chenyewe hakikuuliza.

Kulwa alikuwa ameweka kikapu chini. Alisogea akaiona picha mikononi mwa mama yake, uso wake mwenyewe, umevaa sare, tayari kupelekwa makaburini. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama, wasiipeleke hiyo. Wataniweka mimi pale na mimi nipo."

"Haiendi," mama alimwambia. "Sikiliza, mwanangu. Haiendi popote." Kisha akanigeukia, na sauti ikampanda. "Mmenichukulia mtoto mara ya pili! Mmoja mmemfuta, mwingine mmemzika!"

Sijawahi kuona aibu namna ile dukani kwangu, na nilimhurumia yule mama. Deusi alikimbilia kompyuta kurudisha ya mwanzo. Haikuwepo. Alikuwa amehifadhi juu yake, kwa jina lilelile, akafunga. Jasho likamtoka.

"Naweza kulichora, mama," alisema. "Nina brashi humu ndani. Niambie tu lilikuwa refu kiasi gani, naliweka sasa hivi."

Mama Kulwa akamgeukia.

"Kijana, lile kovu nililiosha mimi kwa maji ya chumvi mpaka likapona. Wewe utalichora unalijua?"

Deusi akaachia mausi.

Fremu ilikuwa kwenye kabati, kwenye khanga yake, na picha ikiwa imeshikamana na kioo vilevile. Namshukuru Mungu kwa roho yangu ya kushuku. Tungeibandua asubuhi ile, Doto angekuwa amekwenda moja kwa moja na kila mtu angebaki na lawama. Nikailaza tena kwenye skana. Nikafungua droo, nikatoa ile sidii ya bure niliyokuwa naiogopa, nikaiingiza kwenye kompyuta. Niliiogopa bado, lakini yule mwenye mkoba nilikuwa nimekwisha kumwona kazi yake.

Ikafunguka upesi. Vitufe vichache: kukata, kunyoosha, kuongeza mwanga, kupunguza, kurudisha nyuma. Nilikata pembeni, nikaongeza mwanga kidogo, na kila nilipogusa nilimwuliza mama aliyesimama begani kwangu, hivi? au hivi? Nilipotaka kufunga, kale kaprogramu kakaniuliza: nibadilishe ya mwanzo, au nihifadhi nyingine pembeni? Nilikaa nikakatazama. Mzee Athumani angekapa kiti.

Hapo ndipo jibu lenu lilipo, nyie mliokuwa mnanizonga na pilau langu. Programu ya kila siku ifunguke haraka kwenye mashine uliyonayo, siyo ile unayoiota. Ifanye yale mambo machache unayoyafanya kila siku. Iguse pale ulipoiambia tu, iweze kurudi nyuma, na iulize kabla ya kuifuta ya kwanza. Na kabla hujailipia au kuisifu, ijaribu kwa uso wa mtu unayemjua vizuri, mwenye alama zake. Usijaribu kwa picha nzuri ya mgeni waliyokuwekea wao humo ndani, maana yule hata wakimfanya nini huwezi kujua. Kopi ya mwanzo iwe na jina lake na mahali pake, isiguswe na mtu. Ukiniambia programu yako ina akili, inajua yenyewe uso unataka nini, mimi naishuku mara mbili. Imemjulia wapi mama yako?

Picha ikatoka kwenye printa. Michirizi begani ilibaki. Nilimwambia mama kwamba naweza kujaribu kuipunguza polepole kwa mkono.

"Iache," alisema. "Mvua hiyo ilinyesha kwetu, tulikuwepo."

Akaweka kidole juu ya nyusi ya msichana, pale penye mstari, akakipitisha mara moja. Ndipo machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. "Doto," alisema. "Doto mwanangu." Deusi alikuwa amesimama kando na mkoba wake, naye akajifuta uso kwa mkono wa shati lake lililonyooka. Ile picha ya kwanza Mama Kulwa aliniambia niichane mbele yake, nikaichana vipandevipande.

Akanishukuru, "Wabeja," nikadhani wanaondoka. Lakini Kulwa alikuwa bado yupo ukutani. Nikamwuliza kama ana neno.

"Siku ile ya picha shuleni," alisema, "mimi nilikuwa nyumbani naumwa. Doto alipigwa peke yake."

Mama yake akamgeukia. Niliona jambo linamfikia taratibu, jambo alilokuwa nalo ndani ya nyumba siku zote.

"Ni kweli," aliniambia. "Nyumbani kwangu ninayo picha ya aliyekufa. Ya huyu aliye hai sina."

Nikawasha taa. Kulwa akakaa kwenye kiti, mama yake akamnyoosha kola, akasogea pembeni, nikampiga.